Kuombwa si Kunyang'anywa: Somo juu ya Wafiwa na Viungo vya Marehemu

Katika somo la juma hili twataka kusema na wazazi, na wazee wa koo, na wote wanaowahudumia wagonjwa, juu ya jambo ambalo wengi wetu hatujapata kuulizwa, nalo huenda tukaulizwa katika saa iliyo chungu kupita saa zote za maisha yetu. Jambo lenyewe ni hili. Ndugu yetu amefariki, au madaktari wamethibitisha kwamba ubongo wake umekufa kabisa na ni mashine tu inayotia pumzi kifuani mwake. Mtu anatujia kwa heshima, anatupa pole, kisha anatuomba turuhusu macho yake au figo zake zitolewe, ili mtu mwingine apate kuona au kuishi. Tutajibu nini? Na yule aombaye, aombe namna gani?

Pengine msomaji wa Mbeya au wa Iringa atasema kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali. Hayako mbali kama adhaniavyo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwezi wa Novemba mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwezi wa Machi mwaka 2018. Kazi hiyo imejengwa juu ya ndugu walio hai: kaka humpa dada figo moja, mama humpa mwanawe. Lakini twawajua wagonjwa wanaokwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya kusafishwa damu kwa mashine. Kwa kawaida tiba hiyo hutakiwa mara tatu kwa juma, muda wa saa nne kila mara, nao huiacha mashamba na biashara zao kwa ajili hiyo. Si kila mmoja wao aliye na ndugu ambaye figo yake yamfaa. Katika nchi nyingine mgonjwa wa namna hiyo hungojea figo ya mtu aliyefariki. Majirani zetu wamekwisha kuliweka jambo hili katika sheria: Kenya katika Sheria yake ya Afya ya mwaka 2017, na Uganda katika sheria yake ya viungo ya mwaka 2023. Kwa hiyo yafaa tulizungumze sasa, wakati hakuna maiti sebuleni na akili zetu zimetulia.

HABARI MBILI ZA NYANDA ZA JUU

Kabla ya kuwasikia madaktari, tuwasikilize wazee wetu wenyewe, maana watu wa Nyanda za Juu Kusini wanajua tangu zamani maana ya kiungo cha marehemu.

Habari ya kwanza ni ya Iringa, na kila mtoto wa shule huijua. Mtemi Mkwawa wa Wahehe, aliyewashinda Wajerumani pale Lugalo mwezi wa Agosti mwaka 1891, alijiua kwa bunduki mwezi wa Julai mwaka 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Askari wa Kijerumani waliomkuta walimkata kichwa, na fuvu lake likapelekwa Ulaya. Hakuna aliyemwuliza mjane wala mtoto wala mzee wa ukoo. Tazama basi jinsi jeraha hilo lilivyokaa. Mwaka 1919, katika Mkataba wa Versailles uliomaliza Vita Kuu ya kwanza, kifungu cha 246 kiliwaamuru Wajerumani walirudishe fuvu la Mkwawa. Miaka ikapita bila kulirudisha. Hatimaye Gavana Twining alilileta mwenyewe, akalikabidhi kwa Mtemi Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, tarehe 19 Juni mwaka 1954 huko Kalenga, ambako lingali likitunzwa. Ukoo mmoja ulingoja miaka 56 kwa ajili ya kiungo kimoja kilichochukuliwa bila ruhusa.

Habari ya pili ni ya Mbeya, nayo vijana wengi hawaijui. Wataalamu waliokaa na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, na yule aliyekaa na Wasafwa katika miaka ya 1960, waliandika kwamba wazee wa huko walikuwa na desturi ya kuipasua maiti ili kutafuta ndani yake sababu ya kifo. Mara nyingi kusudi lilikuwa kutafuta alama za uchawi, na matokeo yake yalikuwa lawama na utengano kati ya jirani na jirani. Hatuisifu desturi hiyo wala hatutaki irudi. Lakini tuone jambo moja ndani yake. Mwili wa marehemu ulifunguliwa kwa ajili ya ukoo, ukoo ukijua, kisha marehemu akazikwa kwa heshima zake zote, akaliliwa, akakumbukwa. Hakuna aliyesema kwamba marehemu huyo ameibiwa.

Tukiziweka habari hizi mbili pamoja, twapata fundisho kubwa la somo hili. Kisu kilitumika Iringa, na kisu kilitumika Mbeya. Uchungu wa Kalenga haukutokana na kukatwa tu. Ulitokana na kunyang'anywa. Watu waliweza kustahimili mwili kufunguliwa, maadamu wenye mwili waliulizwa na kupewa heshima. Basi katika jambo hili la viungo, swali la kwanza la wafiwa si, "Watamkata wapi?" Swali lao ni, "Nani ametuuliza, na je, ametuuliza kama watu?"

HOFU ILIYO NA SABABU

Watumishi wengine wa hospitali hukasirika wanapoona wafiwa wakishtuka. Husema, "Hawa ni wajinga, bado wanaamini mumiani." Twawasihi wasiseme hivyo. Ni kweli kwamba hadithi za mumiani, yaani watu wanaosemwa kunyonya damu za wenzao ili wafanye dawa, zimetembea Afrika Mashariki yote tangu siku za ukoloni. Lakini hofu ya watu wa kusini haikuzaliwa na hadithi tu. Ndugu zetu wenye ualbino wameuawa katika nchi hii kwa ajili ya viungo vyao. Mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto waliuawa mkoani Njombe, mkoa ambao kwa miaka mingi ulikuwa sehemu ya Iringa, na baadhi ya maiti zao zilikutwa zimekatwa viungo. Mama aliyesikia habari hizo jirani na kwake hawezi kulisikia neno "kiungo" bila moyo wake kuruka.

Kwa hiyo anayetaka kuomba kiungo katika nchi kama hii, hana budi kutenda kila kitu peupe kabisa. Kazi yake na kazi ya wale wauaji zote mbili zataja viungo vya binadamu. Kinachozitenga ni ridhaa, ukweli na kukataa fedha. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, watu watazichanganya, wala hatutakuwa na haki ya kuwalaumu.

MAMA KANISA ASEMAVYO

Waumini wengi huuliza, "Je, imani yetu yaruhusu?" Jibu limetolewa siku nyingi. Katika mwezi wa Februari mwaka 1956, padre mmoja wa Italia, Don Carlo Gnocchi, aliyekuwa amewatunza watoto waliolemazwa na vita, alikuwa kitandani akikaribia kufa. Aliagiza kwamba akifa macho yake yatumike kuwaponya vipofu. Sheria ya nchi yake ilikuwa haijaliruhusu jambo hilo waziwazi. Alipofariki tarehe 28 Februari, daktari alitimiza agizo lake, na vijana wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, walipata kuona. Majuma machache baadaye, tarehe 14 Mei mwaka 1956, Papa Pius XII alisema na watoaji wa macho na madaktari wao mjini Roma. Aliwafundisha kwamba kutoa sehemu ya maiti kwa ajili ya kumponya aliye hai si kuivunjia maiti heshima. Lakini pia alionya kwamba watu wafundishwe kwanza, wafiwa waheshimiwe, na asiwepo wa kulazimishwa. Don Gnocchi alitangazwa Mwenye Heri mwaka 2009.

Papa Yohane Paulo II naye, tarehe 29 Agosti mwaka 2000, alisema na wapandikizaji wa viungo kutoka dunia nzima, akakiita kitendo hiki tendo la upendo, akakataza kabisa viungo kuuzwa kama bidhaa sokoni. Alieleza pia kwamba kifo kinaweza kutambuliwa kwa kukoma kabisa kwa kazi yote ya ubongo, mradi vipimo vifanywe kwa uangalifu mkubwa. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2296, yasifu kutoa viungo baada ya kufa, lakini hapo hapo yafundisha kwamba hairuhusiwi kama mwenyewe au wenye haki ya kusema kwa niaba yake hawakukubali waziwazi. Tuone basi: Kanisa latuhimiza kutoa, wala halimpi mtu yeyote ruhusa ya kuchukua.

Wengine huhofu siku ya ufufuko. Husema, "Nitafufuka bila macho?" Twawajibu kwa swali jingine. Wafia dini waliochomwa moto, je, watafufukaje? Na mvuvi aliyezama ziwani akaliwa na samaki? Yeye aliyetuumba kutoka mavumbini hashindwi na kukosekana kwa figo moja. Mwili tunaouzika huoza wote, na figo tuliyoinyima huoza pamoja nao.

MAMBO YA KUJUA KUHUSU VIUNGO VYENYEWE

Yafaa mfiwa ajue anachoombwa, maana viungo si vya namna moja.

Kilicho chepesi kutolewa ni kioo chembamba cha mbele ya jicho, kiitwacho konea. Konea ikiwa na makovu, kwa sababu ya trakoma, au jeraha, au dawa mbaya zilizotiwa machoni, mtu hupofuka ingawa sehemu nyingine za jicho ni nzima. Kioo hicho huweza kutolewa baada ya moyo kusimama, katika muda wa saa chache, bila mashine yoyote ya kupumulia. Marehemu mmoja huweza kuwafaa watu wawili. Uso wake hauharibiki; wanaomwaga jeneza likiwa wazi hawataona tofauti. Jambo hili si jipya: konea ya kwanza kupandikizwa na kufaulu ilipandikizwa na daktari Eduard Zirm huko Olomouc, mwezi wa Desemba mwaka 1905.

Figo, ini na moyo ni habari nyingine. Hivi huhitaji damu ipite ndani yake mpaka karibu na saa ya kutolewa. Ndiyo sababu mara nyingi hutoka kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa, naye yuko katika chumba cha wagonjwa mahututi, mashine ikimpumulisha. Hapa ndipo wafiwa hutaabika kuliko pote, kwa kuwa kifua chapanda na kushuka, na mkono wake ni wa moto. Yapasa waelezwe polepole kwamba kufa kwa ubongo si sawa na kuzimia. Aliyezimia ubongo wake unafanya kazi ijapokuwa kwa udhaifu, naye aweza kuamka. Aliyekufa ubongo hataamka kamwe. Mashine ikizimwa hatavuta pumzi hata moja. Vipimo hufanywa na madaktari wenye ujuzi, wala hao wasiwe wale watakaopandikiza viungo. Na muda ni mfupi: moyo ukisha kutolewa hauwezi kungoja zaidi ya saa nne hivi, ila figo huweza kuhifadhiwa katika baridi muda wa siku nzima.

BABA MMOJA WA CAPE TOWN, NA NDUGU MMOJA WA VIRGINIA

Tuwatazame sasa wafiwa wawili ambao habari zao zinajulikana duniani. Siku ya Jumamosi tarehe 2 Desemba mwaka 1967, huko Cape Town, Afrika Kusini, mama mmoja na binti yake waligongwa na gari walipokuwa wakivuka barabara. Mama alikufa pale pale. Binti, Denise Darvall, mwenye miaka 25, alipelekwa Hospitali ya Groote Schuur, lakini ubongo wake ulikuwa umeharibika pasipo matumaini. Baba yake, Edward Darvall, alikuwa amefiwa na mke, na sasa anafiwa na binti, kwa siku moja. Madaktari wawili walikaa naye. Walimwambia kwanza kwamba hawana tena la kufanya kwa ajili ya Denise. Kisha wakamweleza kwamba yuko mgonjwa ambaye moyo wa binti huyo ungeweza kumsaidia, nao wakamwacha afikiri, wakimhakikishia kwamba akikataa wataelewa. Inasimuliwa kwamba alifikiri muda wa dakika nne hivi, akiwaza jinsi binti yake alivyozoea kuwapa wengine zawadi. Akakubali. Usiku ule daktari Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa kwanza wa binadamu kwa binadamu. Aliyeupokea, Louis Washkansky, aliishi siku 18. Figo moja ya Denise alipewa mtoto Jonathan van Wyk, mwenye miaka kumi, ambaye sheria za ubaguzi za nchi ile zilimweka katika kundi la Machotara. Naye Denise alikuwa Mzungu.

Miezi sita haikupita, jambo la namna nyingine likatokea Marekani. Mwezi wa Mei mwaka 1968 mfanyakazi mmoja mweusi, Bruce Tucker, alianguka na kuumia kichwa huko Richmond katika jimbo la Virginia. Kesho yake madaktari wakaona kwamba ubongo wake umekufa, wakauchukua moyo wake na figo zake. Ndugu yake, William, alikuwa na duka la kushona viatu karibu na hospitali hiyo, na kadi ya duka lake ilikuwamo katika vitu vya mgonjwa. Hakuitwa. Alikuja kupata habari kwa mtu aliyeitayarisha maiti kwa maziko. Aliwashitaki madaktari, na mwaka 1972 baraza la wazee wa mahakama likawapa madaktari ushindi. Walishinda mahakamani, lakini habari ya Bruce Tucker ingali ikisimuliwa miongoni mwa watu weusi wa nchi ile kila wanapoambiwa waziamini hospitali.

Moyo ulitolewa hapa, na moyo ulitolewa kule. Baba mmoja alipewa dakika nne na ukweli, akatoa. Ndugu mwingine hakupewa hata neno moja. Hii ni Kalenga tena, katika nchi nyingine na kwa kisu cha daktari.

NAMNA YA KUOMBA

Nchi ya Hispania imeongoza dunia kwa miaka mingi katika viungo vinavyotolewa na marehemu, tangu ilipoanzisha chombo chake cha taifa cha kazi hiyo mwaka 1989. Sheria yao ya mwaka 1979 humhesabu kila mtu kuwa amekubali, isipokuwa kama alikataa alipokuwa hai. Hata hivyo wafiwa huulizwa sikuzote, na wanaouliza ni watu waliofunzwa kazi hiyo. Kutokana na uzoefu wa namna hii, na kutokana na adabu zetu wenyewe za kuhani msiba, twaweza kutaja kanuni chache.

Kwanza, habari ya kifo itolewe peke yake. Mtu aambiwe, "Amefariki." Asiambiwe, "Amezidiwa," wala, "Hali si nzuri sana." Kisha aachwe alie. Ombi lisifungwe pamoja na habari hiyo kama mizigo miwili kichwani pa mtu mmoja. Lije baadaye, pale wafiwa watakapokuwa wameonyesha kwa maneno yao wenyewe kwamba wamefahamu kuwa ndugu yao hayupo tena.

Pili, watu wakae. Ombi kubwa halisemwi kwa kusimama mlangoni, watu wakipita na ndoo. Kitafutwe chumba, viti, maji ya kunywa. Waulizwe, "Je, yupo mwingine mnayependa awepo?" Kama mzee wa ukoo anasikia vema zaidi Kihehe au Kinyakyusa au Kisafwa, apatikane wa kumfasiria.

Tatu, anayeomba asiwe daktari aliyemtibu marehemu, wala yule atakayepandikiza. Kama ni mtu yule yule, wafiwa watajiuliza kama kweli alipigania uhai wa ndugu yao mpaka mwisho.

Nne, aseme yote: kiungo gani, kwa muda gani, mwili utaonekanaje, na maiti itatoka saa ngapi. Watu wa Kyela au wa Mufindi wana safari ya kuisafirisha maiti, na jamaa wanangoja kaburini. Ukimficha mfiwa saa ya kuondoka, umemdanganya.

Tano, fedha zisitajwe, isipokuwa kwa kusema kwamba hakuna. Shirika la Afya Duniani lilikataza biashara ya viungo katika kanuni zake za mwaka 2010. Wala asitokee mtu akasema, "Mkikubali, deni la hospitali litafutwa." Ahadi hiyo ni bei, hata ikiitwa msaada.

Sita, neno "hapana" lipokewe kwa adabu ile ile ambayo "ndiyo" ingepokewa. Mfiwa aliyekataa asikosewe heshima, wala maiti yake isicheleweshwe.

Tutoe mfano wa kubuni. Tuseme siku hiyo imefika, na kijana mmoja ameanguka na pikipiki katika njia ya Uyole. Baba yake yuko pamoja na baba mkubwa. Wamekwisha kuambiwa habari ya kifo, wamelia, wamepiga simu nyumbani. Muuguzi mwenye umri anaketi mbele yao.

"Shikamooni, wazee wangu. Poleni sana kwa msiba."

"Marahaba, mama. Tumekwisha kupoa."

"Nimekuja kuwaomba jambo. Mnaweza kukubali, mnaweza kukataa; yote mawili sisi tutayaheshimu. Lakini kwanza nisimulieni. Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

Baba ananyamaza. Kisha baba mkubwa anasema, "Alikuwa mtu wa watu. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya kuwabebea wagonjwa bure."

"Wapo watu wawili wasioona, ambao vioo vya macho yake vyaweza kuwapa kuona. Kazi yenyewe ni ya saa moja hivi. Uso wake hautaharibika. Mtaondoka naye leo hii, kama mlivyopanga. Hakuna fedha itakayotolewa wala kupokewa. Je, mwadhani yeye mwenyewe angesema nini?"

"Tungependa kumwuliza mama yake," asema baba.

"Ni haki yenu. Nitangoja."

Msomaji atazame: muuguzi hakuomba kiungo mpaka marehemu alipokuwa amekwisha kutajwa kama mtu. Swali la mwisho halikuwa, "Mnatoa?" Lilikuwa, "Yeye angesema nini?" Swali la namna hiyo huwapunguzia wafiwa mzigo, kwa sababu hawaamui tena kwa uchungu wao wenyewe; wanatekeleza mapenzi ya mpendwa wao.

NAMNA YA KUJIBU

Tuseme pia na wafiwa. Katika koo zetu mwenye neno la mwisho mara nyingi ni baba mkubwa, au mjomba, au mzee aliyefika kwa basi la usiku. Mjane hukaa kwenye mkeka na wanawake, wala hakuna amwulizaye. Hili halifai. Aliyelala karibu na marehemu miaka ishirini ndiye ajuaye alichokisema usiku. Sheria ya Kenya tuliyoitaja humtaja mwenzi wa ndoa miongoni mwa wenye haki ya kusema, pamoja na watoto, wazazi na ndugu. Hata mahali ambapo hakuna sheria ya namna hiyo, haki yataka mjane aulizwe, na wazee wamsikie.

Pia, ikiwa marehemu aliwahi kutamka wazi kwamba hataki, neno lake liheshimiwe, hata kama sisi tungependa kutoa. Na ikiwa alitamka kwamba ataka, tusiligeuze neno lake kwa kuogopa maneno ya kijijini. Mwenye kuogopa kusemwa ndiye amnyimaye marehemu sadaka yake ya mwisho.

Tena asiwepo wa kumlaumu mwenzake baadaye. Familia iliyokataa haikutenda dhambi. Familia iliyokubali haikumwuza mtu. Kutoa ni moyo, wahenga walisema, wala moyo haushurutishwi.

YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Kazi ya juma hili ni ndogo. Jioni moja, baada ya chakula na kabla ya sala, baba na mama waseme mbele ya watoto walio wakubwa: "Mimi nikifa ghafula, nanyi mkaombwa macho yangu au figo zangu, napenda mjibu hivi." Aseme ndiyo, au aseme hapana, au aseme kwamba bado anafikiri. Wengine wasimbishie. Anayeweza kuandika aandike, atie sahihi, na watu wawili washuhudie. Karatasi iwekwe pamoja na vyeti vya ubatizo na vya ndoa, mahali panapojulikana.

Kisha wajiulize maswali haya matatu. Je, katika ukoo wetu yupo mgonjwa ambaye angeponywa na kiungo cha mtu mwingine, nasi tungekipokea kwa furaha? Kama tungepokea, je, tungetoa? Na likitufikia ombi la namna hii, ni nani kati yetu tusiyepaswa kumsahau kumwuliza?

Barabara kuu itokayo Iringa kwenda Mbeya na Tunduma hupitisha malori usiku na mchana, na miteremko ya Kitonga na Inyala twaijua. Hatumwombei mtu ajali. Lakini tukijaliwa kuyasema maneno haya tungali na afya, siku ya msiba mzee wa ukoo hatalazimika kubuni jibu huku machozi yakimtoka. Atauliza tu, "Marehemu alisemaje?" Na mmoja wa watoto atakwenda kuitoa karatasi.